Waya Arobaini na Moja Chini ya Kitanda

Jumatatu, 2 Juni
Waya saba leo, zote kwenye kichaka kati ya mashamba ya pamba na bwawa. Wategaji huzichomoa kwenye matairi yaliyochomwa, huzifunga kitanzi, swala anaingiza shingo, basi. Tatu zina fundo la mara mbili. Namjua mtu mmoja tu kijijini anayefunga hivyo.

Nimezitia kwenye gunia chini ya kitanda changu hapa kwa shangazi Kabula. Zimefika thelathini na nne. Zikizidi arobaini nazipeleka Lagangabilili, wilayani, nizimwage mbele ya yeyote mwenye meza.

Shangazi anasema nimeatamia mitego kama kuku. Sikucheka. Nacheka sasa, kidogo.

Jumatano, 4 Juni
Rasimu ya sheria ndogo ya kijiji imekwisha. Kifungu cha tatu kinanipa raha isiyo ya kawaida: "Atakayekutwa na waya wa mtego, kwa sababu yoyote ile, atatozwa mbuzi mmoja."

Mwenyekiti alitaka tuyafute yale maneno manne. Nimekataa. Hapa kila mtu ana sababu. Babu Masunga, mdogo wake babu yangu, anasema waya zake ni za kufungia uzio. Hana uzio.

Waya saba nyingine jioni. Gunia limeshakuwa zito.

Ijumaa, 6 Juni
Mkutano mkuu wa kijiji. Nimezungumza dakika arobaini: swala, nyumbu, vizazi vijavyo. Mama mmoja wa mstari wa mbele alinyonyesha, akambeulisha mtoto, akamlaza, mimi bado niko kwenye nyumbu. Nilijichukia.

Kisha akasimama ntemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wetu wa jadi. Alisema jambo moja. Juzi mtamba wa jirani yake alinasa mguu kwenye waya, mguu umekatika.

Ng'ombe. Watu wote wakaamka.

Babu Masunga akanyoosha mkono. "Mke wangu," maana ndivyo anavyoniita tangu nazaliwa, "hiyo sababu yoyote ile, ni hata wewe?"

"Hata mimi, babu." Nilisema kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Mikono yote juu. Bado idhini ya halmashauri ya wilaya, lakini wamekubaliana waanze mara moja, kama makubaliano yao wenyewe. Nimeshinda. Nimekunywa soda mbili.

Jumamosi, 7 Juni
Sungusungu walifika saa moja asubuhi. Sita, na fimbo zao. Wanakagua nyumba kwa nyumba. Niliona fahari, nikawatolea viti.

Babu Masunga alikuwa nyuma yao, akitabasamu kupita kiasi. Kwake walianzia, hawakukuta hata kipande. Ndipo akawauliza kama ni adabu kuiruka nyumba ya Kabula.

Walilivuta gunia uani. Wakahesabu kwa Kisukuma, polepole, kama wanahesabu ng'ombe wa mahari. Arobaini na moja.

Nikasema ni ushahidi. Ntemi akaniangalia kwa huruma ya kweli.

"Hiyo ni sababu, mwanangu."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakumbuka mbuzi niliye naye ni mmoja tu. Alinipa yeye mwenyewe nilipomaliza chuo. Anaitwa Digrii. Shangazi akaacha kucheka.

Jumapili, 8 Juni
Kesho baraza. Kanisani wamenisalimia "mama mbuzi", hata mzee wa sadaka.

Nina utetezi. Sheria haijaidhinishwa wilayani, kwa hiyo haina nguvu. Utetezi safi, hauna jibu. Nikiutumia, Digrii anapona. Na kuanzia keshokutwa kila mwenye mtego atautumia huohuo, na kile kifungu kitabaki kuwa karatasi.

Babu Masunga analijua hilo. Anataka nishinde. Ndiyo maana ameniletea maziwa ya mgando na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeshaandaa maneno yangu.

Namchukia. Maziwa yalikuwa mazuri.

Jumatatu, 9 Juni
Sikujitetea. Nilisema nimekutwa nazo, nikamkabidhi ntemi kamba ya Digrii.

Aliyenitetea ni Babu Masunga. Kwa jasho. Mtoto ana elimu. Wilaya haijapitisha. Waya si mtego mpaka ufungwe mtini. Alipofika kwenye huruma ya Mungu, ntemi akamkatiza.

"Masunga, hoja zote hizi ulikuwa umemwekea nani?"

Baraza zima lilicheka. Babu akakaa.

Digrii amechinjwa palepale. Walinipa ini, kwa heshima. Nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia. Nikarudi nikaomba supu.

Alhamisi, 12 Juni
Mtendaji wa kijiji amefika kazini akakuta rundo la waya mlangoni. Hakuna aliyemwona aliyezileta. Mtendaji hakuzigusa. Alisimama nje ya ofisi yake mwenyewe mpaka saa nne, akimsubiri ntemi aje kumtolea ushahidi kwamba hajazishika.

Jumapili, 15 Juni
Alfajiri nimekuta waya mmoja kizingitini. Umeviringishwa vizuri. Fundo la mara mbili.

Sikuugusa. Nimemtuma shangazi kwa ntemi, nikatoa kigoda, nikakaa hatua tatu mbali nao.

Babu Masunga akapita na ng'ombe wake.

"Mwangaluka, mke wangu."

"Mwangaluka, babu."

Akaniuliza ninalinda nini. Nikamwambia sijui, nimekikuta tu. Akautazama waya kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Akaniambia nisogee.

Kigoda ni kidogo. Tumekaa hivyo hivyo, bega kwa bega, tukimsubiri ntemi. Ng'ombe walikula majani ya uani. Shangazi atanuna.