Fungu la Tatu la Neno la Siri

UMOJA WA KUSAFIRISHA MAREHEMU NYUMBANI, TAWI LA KIBERA

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha kamati kilichofanyika Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1998, katika chumba cha ofisi, ploti ya Bw. Irungu, Kawangware, kuanzia saa tisa alasiri.

Waliohudhuria:
Mzee Shivachi – Mwenyekiti
Bi. Seline Awuor – Katibu
Bw. Chris Shiundu – Mjumbe na mtunza kompyuta

Walioalikwa:
Bi. Filister Aluoch – mjane
Bw. Irungu – mwenye ploti

Wasiokuwepo:
Bw. Billy Ouko – Mjumbe (bila udhuru, kama kawaida yake)
Bw. Nashon Okello – Mweka Orodha. Yeye ndiye ajenda.

KUMB. NA. 1/10/98: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Aliwaomba waliohudhuria waache mambo ya zamani. Bi. Filister alisema kwamba kwake hakuna jipya.

KUMB. NA. 2/10/98: HALI YA MAREHEMU KWENYE ORODHA

Katibu aliarifu kikao kwamba Bw. Nashon Okello alifariki Jumanne baada ya kuugua miezi minne. Mwili uko mochari na familia inataka kuzika nyumbani Jumamosi ijayo, kwa hiyo gari la Umoja, basi, liondoke Ijumaa. Hata hivyo, orodha ya kompyuta inaonyesha kwamba marehemu AMESIMAMISHWA kwa kukosa vikao vitatu. Alivikosa akiwa kitandani. Kikao cha Septemba kilimsamehe na kuamua arudishwe, lakini uamuzi huo haukuingizwa kwenye mashine, na aliyesimamishwa hasafirishwi na Umoja.

Bw. Irungu aliuliza ni kwa nini haukuingizwa. Katibu alieleza kwamba kila mtu anaweza kuisoma orodha iliyochapishwa, ila kuibadilisha kwenye mashine ni lazima liandikwe neno la siri, nalo limegawanywa mafungu matatu kama tulivyokuwa tukifunga sanduku la zamani kwa kufuli tatu. Fungu la kwanza analo Mwenyekiti, la pili Katibu, la tatu alikuwa nalo marehemu. Kila mmoja huandika lake huku wengine wakiangalia ukuta. Septemba marehemu hakuweza hata kukaa, sembuse kupanda hadi Kawangware.

Bw. Irungu alisema, "Sasa chukueni kalamu muandike hapo kando ya jina lake amerudi. Si mnajua amerudi?"

Mwenyekiti alisoma Kifungu cha 9: chochote kilichoandikwa kwa mkono juu ya orodha ni batili, na kifungu hiki hubadilishwa na mkutano mkuu wa Desemba peke yake. Alikumbusha kikao kwamba aliyependekeza kifungu hicho ni Nashon Okello mwenyewe, na kwamba ndiye aliyelichoma daftari la zamani la orodha hapo nje uani mbele ya wanachama wote.

Bi. Filister alisema, "Na si useme kwa nini alilichoma."

Mwenyekiti aliomba kikao kiendelee.

KUMB. NA. 3/10/98: MAJARIBIO YA KUFUNGUA

Bw. Chris alieleza kwamba alijaribu kubadilisha orodha siku ya Alhamisi akitumia jina lake, na mashine ikamjibu kwa Kizungu kwamba hana ruhusa. Alipoulizwa mbona yeye ndiye aliyeifunga, alijibu, "Mliniambia nifunge hadi mimi mwenyewe nisiweze kuingia. Nilifunga poa. Hii kitu haijui mtu amekufa, Mzee. Inajua password tu."

Alionya kwamba neno likikosewa mara tatu mfululizo, mashine inajifunga kabisa.

Mwenyekiti alipendekeza kubahatisha. Katibu alipinga, akapuuzwa. Mwenyekiti na Katibu waliandika mafungu yao, kisha Mwenyekiti akajaribu jina la kijiji cha marehemu. Ilikataa. Wakaandika upya, akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Ilikataa. Alipotaka kujaribu tena, Bw. Chris alichomoa kibodi akaikalia.

Ndipo Bi. Filister akasema kwamba yeye analijua fungu la tatu, na kwamba alikuwa akilijua hata kabla hatujaingia humu ndani. Mwenyekiti alimuuliza ni kwa nini hakusema. Alijibu, "Hamkuniuliza. Mliniita nije nisikie vile mtaamua."

KUMB. NA. 4/10/98: DAFTARI LA MWAKA 1996

Kabla ya kuandika, Bi. Filister alitaka jambo la 1996 lisemwe mbele ya Bw. Irungu, kwa sababu huyo si wa kabila la yeyote kati yetu wala wa kamati. Mwenyekiti alisema halimo kwenye ajenda. Bw. Irungu alisema chumba ni chake, lisemwe.

Bi. Filister alieleza kwamba mwaka huo yeye na marehemu walimpata mtoto, Audrey, na jina lake likaandikwa daftarini. Mtoto alifariki akiwa na miezi mitano. Kamati ilikataa kumsafirisha kwa sababu wanachama wengine wote walikuwa wameandikwa kwa wino wa buluu naye kwa mweusi, na Mwenyekiti akaamua kwamba jina lilichomekwa baada ya kifo. Mtoto alizikwa makaburi ya jiji, Lang'ata. Mwaka jana walipokwenda, kibao cha mbao chenye jina lake hakikuwepo, na hawakuweza kujua kaburi ni lipi. Ndiyo maana marehemu alitaka kitabu ambacho hakiguswi na kalamu ya mtu yeyote.

Mwenyekiti alisema aliamua kwa kile alichokiona.

KUMB. NA. 5/10/98: KUBADILISHWA KWA ORODHA

Mwenyekiti na Katibu waliandika mafungu yao kwa mara ya tatu. Bi. Filister aliwaambia wote, "Nyinyi angalieni ukuta." Wote waliangalia ukuta, pamoja na Bw. Irungu. Zilisikika herufi sita, polepole.

Orodha ilifunguka. Bw. Nashon Okello alirudishwa kuwa mwanachama hai saa kumi na dakika arobaini, siku ya nne tangu afariki. Ilithibitishwa kwamba basi litaondoka Soko la Toi Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi.

Bi. Filister aliomba kwamba, kwa kuwa mashine iko wazi, jina la Audrey liingizwe chini ya la baba yake. Bw. Chris alisema haina nafasi ya mtu aliyekwisha kufa. Bi. Filister alimwambia atafute nafasi. Mwenyekiti hakupinga. Liliingizwa.

Bw. Chris alieleza kwamba sasa fungu la tatu libadilishwe, apewe mtu mwingine. Bi. Filister alikataa. "Hilo jina mlishalitoa mara moja. Hamtoi tena." Ilikubaliwa abaki nalo yeye, na awe Mweka Orodha.

KUMB. NA. 6/10/98: MENGINEYO

Katibu aliomba nafasi. Alisema kwamba jina la Audrey alikuwa ameliandika yeye, siku mtoto alipotimiza wiki mbili, akiwa hai. Kalamu yake ya buluu iliisha wino katikati ya ukurasa, akaazima nyeusi kwa jirani. Kamati ilipokaa alikuwepo kitini, akanyamaza, kwa kuogopa kuambiwa kwamba alihongwa na kunyang'anywa ukatibu. Nashon alimtazama kikao kizima akingoja aseme. Katibu anaona aibu, na anaomba iandikwe hivyo.

Mwenyekiti alivua miwani. Alisema, "Seline, ungeniambia." Katibu aliendelea kuandika.

Bi. Filister aliuliza kama hayo nayo yanaandikwa. Katibu alijibu kwamba anayaandika.

"Basi usibadilishe kalamu."

KUMB. NA. 7/10/98: KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Mwenyekiti aliombwa sala akasema hawezi, akamwomba Bw. Irungu, ambaye alisali kwa Kikuyu.

Kumbukumbu hizi zimeandikwa kwa mkono, kwa kalamu moja ya buluu, kuanzia mstari wa kwanza hadi sahihi.

Mwenyekiti: Shivachi
Katibu: S. Awuor
Mweka Orodha: F. Aluoch, mama Audrey