Sella Habadilishwi

Kisumu Ndogo, Kibera
4 Machi 2024

Mwanangu,

Habari za Gatina? Sisi ni wazima, ila wewe ndiye unatunyima usingizi. Naandika kwa sababu kwa simu tunaishia kupigiana kelele.

Baba mkubwa Shivachi ameamua ubadilishwe jina siku ya Pasaka. Ulirithi jina la shangazi yako Sella, aliyekuwa akigaagaa kwa maumivu ya tumbo kila mwezi mpaka akafa bila mtoto. Wazee wanasema jina lake ndilo limekuletea maumivu yake. Kuku atachinjwa, pasta ataomba, utaitwa Mourine. Njoo tu, mama. Jina ni nini?

Mama yako

Gatina, Kawangware
9 Machi

Mama mpendwa,

Hujambo? Dagaa zako za omena nilipata, asante, nimemaliza zote. Tumbo bado linanikata, lakini sasa ugonjwa unajulikana: endometriosisi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje yake, na mwezi ukifika inavimba na kuvuja damu.

Daktari aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Nikamtaja shangazi. Akasema yeye hakumpima, lakini ugonjwa huu hufuata damu. Si jeni moja, ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo tu. Kuna wanaozirithi na wasiugue. Na zinatoka kwa baba au kwa mama.

Basi mwambie Baba mkubwa damu haioshwi na kuku! Shangazi aliitwa mvivu maisha yake yote, na sasa hata jina lake mnalifukuza? Sitakuja. Mkiniita Mourine, ataumwa Mourine.

Daktari aliuliza kukuhusu pia. Nikakumbuka ile leso unayojikaza tumboni ukiuza omena. Ni ya nini, Mama?

Mwanao, Sella

Gatina
26 Machi

Mama,

Natumaini u mzima, maana hujanijibu. Nitapasuliwa baada ya Pasaka. Naogopa, nakwambia ukweli. Lakini anayepasuliwa ni Sella, hata mkininyamazia nyote.

Mwanao, Sella

Kisumu Ndogo
1 Aprili

Mwanangu Sella,

Bwana amefufuka. Natumaini umeamka salama.

Wazee walikuja jana, kuku akafungwa mlangoni. Shivachi akasema, "Kama huyo msichana hataki kuja, tutabadilisha tu bila yeye."

Nikasimama. Nikamwambia, "Na mimi je? Nimeumwa hivyo hivyo tangu nikiwa msichana, nikifunga leso ndio nisimame sokoni. Na Annet niliyepewa jina lake alikuwa nesi, mzima kama kigongo. Sasa mimi mtanipa jina gani?"

Shivachi akaomba chai, nikamwambia hakuna.

Nilikunyamazia kwa sababu niliambiwa hivyo ndivyo mwanamke alivyo, nikaamini. Sasa siamini. Nitakuja tuingie kwa daktari pamoja, nimwambie mwenyewe.

Kuku bado yuko, nimemfunga chini ya kitanda. Ni supu yako ukitoka hospitali. Na soko hili zima halijui kuniita jina lingine, na halitaanza leo.

Mama Sella