Jiwe la Boma Uliloniomba

Baba,

Mama anasema wafu hawasomi barua. Nami namjibu kwamba hata walio hai hapa Koboko hawasomi: kibao nilichokipigilia kwenye lango la boma, "Usitoe mawe", sasa ni mlango wa banda la kuku.

Tumerudi kutoka ukimbizini. Wewe tulikuacha ng'ambo, Zaire, chini ya udongo mwekundu, bila alama. Nilirudi na neno lako la mwisho: "Mukirudi nyumbani, leta jiwe moja ya boma, weka kwa kichwa yangu. Moja tu."

Unakumbuka ile wiki ya kabla ya Ramadhani? Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha ukuta wa boma, kile ambacho babu zao askari walikijenga walipotoka Sudan. Wanaume walikanda udongo, wanawake wakaziba nyufa, chai ikachemka hapo hapo. Mimi, msichana, ulinipa upande wa lango. Mdogo wako, Ami Rajabu, akacheka: "Huyu ataolewa. Ataenda na ukuta kwa bwana yake?" Ukamjibu bila kuinua kichwa: "Wewe hapana enda popote, na kipande yako iko naanguka."

Kipande chake hakipo tena, Baba. Kiko chini ya choo chake. Nilipomwuliza hakuacha hata kutafuna. "Askari walichoma nyumba yangu, binti. Boma ilizuia nani?"

Ni kweli. Halikumzuia mtu. Sisi wenyewe tulilipita tukikimbia, na magodoro kichwani. Msikiti ulichukua mawe ya ngazi. Mjane jirani alichukua ya jiko, na nani angemnyima? Kila mtu alikuwa na sababu nzuri.

Nikaandikia ofisi ya mambo ya kale, Arua. Afisa alikuja msimu wa mvua, akalisifu lango kwa maneno matamu, akasema historia ni mali ya taifa. Kisha gari lake likakwama. Dereva akang'oa mawe ukutani, mbele yetu, akayatia chini ya magurudumu. "Tutarudisha," akasema afisa, akapunga mkono dirishani. Niliyachimbua matopeni mwenyewe.

Kilichobaki ni kipande chetu tu, upande wa lango. Jana nilikwenda na gunia. Nilichagua lile jiwe la kijivu ulilokuwa ukikalia kufunga viatu. Nililitikisa kidogo tu, likatoka kama jino la mzee. Nikalipakata. Lilikuwa na joto la jua, Baba, na nikalia juu yake.

Moja tu, ulisema. Ami Rajabu pia alianza na moja.

Nikalirudisha mahali pake. Nikakanda udongo, nikaziba.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Lakini ulinipa ukuta kabla ya kuniomba jiwe, na vyote viwili siwezi kuvitimiza. Wiki ijayo nitavuka mpaka mikono mitupu. Nitapalilia kaburi lako, nitakaa pale ambapo jiwe lingekaa, nikusomee Fatiha. Na kila mwaka, kabla ya mwezi kuandama, nitaziba nyufa za kipande chetu, hata kama chai nitakunywa peke yangu.

Lala, Baba. Kichwani pako hapatakuwa na jiwe. Langoni lipo.

Binti yako,
Zainabu