Pua Yangu Imekataa Bwawa

Bariadi, Simiyu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua cha bibi kimetulia, na udongo wa vyungu mmeshaupata kabla ya mvua. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wangu unaanzia puani. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya mjomba huko nyumbani inashika mtandao pale juu ya jiwe tu, na haya sitaki yasikilizwe na wote wanaosubiri zamu.

Baada ya kumzika baba ulisema hakuna mtoto wako atakayepanda tena mtumbwi bila kujua kuogelea. Na nyumbani kwetu hakufikiki bila mtumbwi. Uliniruhusu mara moja tu, baba mdogo aliponileta huku kusoma, na tangu hapo hesabu yangu ni moja: nikijua kuogelea, Desemba nitakuja. Nisipojua, nitabaki.

Hapa hakuna ziwa kama huko kwetu. Kuna pamba, vumbi na malambo ya kunyweshea ng'ombe, na baba mdogo amenikataza kuingia humo kwa sababu ya kichocho. Yeye ni afisa mifugo, anayajua. Akanitafutia bwawa la nyumba ya wageni hapa mjini, akawa ananipeleka kila Jumamosi kwa pikipiki yake. Jirani yetu, Mayu Kabula, maana huku mama huitwa mayu, aliposikia alicheka mpaka akatua ndoo.

"Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe wangu wanatembea nusu siku kutafuta maji, wewe unapelekwa kwa pikipiki kuyachezea?"

Nikamwamkia tena.

Anayenifundisha ni kaka Masanja, mtunza bwawa, mtoto wa wavuvi wa Lamadi, mji wa kando ya ziwa. Ndiye anayetia klorini, dawa ya kusafisha maji. Siku ya kwanza tu nilitoka nikipiga chafya mfululizo. Jumapili pua ikaziba, macho yakawa mekundu. Jumatatu mwenzangu wa dawati akasogeza daftari lake.

"Mafua yako hayana likizo?"

Ikawa hivyo kila wiki. Nikasoma kitabu cha baiolojia maktabani, nikakutana na neno mzio, yaani mwili kukataa kitu, nikafunga kitabu. Niliona aibu kumwambia baba mdogo, baada ya safari zote zile. Jumamosi moja nikabana pua kwa kibanio cha nguo. Watoto wa wageni wakaniona.

"Njooni muone! Dada anaanika pua!"

Nikazama kwa aibu, nikaibuka nimekunywa maji mengi kuliko ng'ombe wa Mayu Kabula.

Aliyegundua ni mama mdogo. Alinikuta nimelala huku nimekaa, kitabu usoni, napumua kwa mdomo. Akanipeleka hospitali. Daktari alinimulika puani akasema ndani kumevimba. Dawa ya bwawa inanichokoza, na vumbi linaongezea. Akanipa dawa ya kupuliza, akaniagiza nisafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Nisiende bwawani mpaka uvimbe uishe, na hata ukiisha, nisitumbukize uso majini. Nililia, Mama. Nilikuwa nimefikia nusu ya bwawa.

Pua ilipotulia nilikwenda kumuaga kaka Masanja. Nikamweleza habari ya uso.

"Kwani nani kakwambia lazima uso uingie?" akasema. "Sisi ziwani mtoto anafundishwa kulala kwanza. Mimi ndiyo nilikosea, nilikuona msomi nikakurukisha darasa. Haya, lala chali."

Akaweka kiganja chini ya kisogo changu. Nikakakamaa kama mwiko.

"Acha kupigana. Maji si adui yako. Masikio ndani, pua nje, pumua."

Sijui aliondoa mkono saa ngapi. Nilikuwa naangalia mawingu, na kwa mara ya kwanza tangu nifike huku sikuwa nimechoka. Wiki iliyopita alinitaka nielee na sare ya shule, kwa sababu, alisema, hakuna anayeanguka ziwani akiwa amevaa nguo za kuogelea. Nilielea nikahesabu mpaka mia tano, na sikupiga chafya hata moja.

Mama, baba alijua kuogelea. Mjomba, aliyebaki ameshikilia mtumbwi uliopinduka, alituambia kwamba baba aliogelea vizuri kuelekea ufukweni, kisha akachoka. Nalifikiria sana hilo nikiwa chali. Labda hakuna aliyemfundisha kupumzika.

Sitakudanganya ili nipate kuja. Kuogelea bado sijui, na uso wangu hauwezi kuingia majini. Ninachojua ni kulala juu ya maji mpaka mtu anifikie. Wewe ndiye uliyetoa lile neno, kwa hiyo wewe ndiye wa kuniambia kama hili linatosha. Ukisema halitoshi, nitabaki na vitabu vyangu, wala sitanuna.

Msalimie bibi, fundi wangu wa vyungu. Msalimie mdogo wangu Lusajo, na umwambie asiingie majini kabla sijamfundisha kulala. Na mjomba mwambie sijamsahau. Kama utaniruhusu, nataka yeye ndiye apige kasia, nami nikae karibu naye.

Mwanao, anayetazama njia ya kwetu,

Atupele