Majani ya Mlonge na Jenereta

Dada Fausta, shikamoo.

Ukimaliza kusoma barua hii itie motoni, hata shemeji asiione.

Sisi hapa Songea wazima, na mahindi yamebeba. Leonce, tangu alete posa kwa baba, hanisindikizi tena nyumbani. Anashinda maabara na Violeth, mtaalamu aliyetoka Morogoro. Wanakuza viinitete vya ng'ombe, yaani mimba changa kabisa, kwenye visahani. Vingine wanavitilia maji ya majani ya mlonge ili visife upesi. Majani, Leonce mwenyewe ndiye anayemchumia Violeth. Mimi karani naandika barua zao, na umeme ukikatika nawasha jenereta.

Juzi umeme ulikatika wakiwa nje wanachuma, nikisikia wanavyocheka. Dada, nilikaa na ufunguo mkononi mpaka mashine ya joto yenye visahani ikapoa.

Nilitaka vyote vife. Vilivyotiwa mlonge vikapona, vingine vikafa. Leonce akamkumbatia Violeth mbele yangu, akamwambia:

"Umeona, mama? Dawa yako imejibu."

Kisha akanigeukia. "Karani, jenereta ilichelewa kiasi gani? Tunataka kurudia vilevile."

Hajawahi kuniita karani. Nilimjibu sikumbuki, lakini wiki ijayo ataniuliza mkuu wa maabara, na nikisema kweli nitakosa kazi na mchumba pamoja. Nisemeje?

Usipige simu ofisini, anapokea Violeth. Mpe jibu dereva wa basi la Tunduru, aliache dukani kwa Mama Hilda, hapa Mfaranyaki. Nitapita kila jioni, hata nikifukuzwa.

Mdogo wako,
Imaculata