Miti Miwili

4 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu utazikuta chini, kwanza nikuseme. Umechora miti mitatu. Huku ipo miwili. Wa tatu tuliuangusha tukapasua mbao za jeneza la mkeo, na ungekuja kuzika ungejua. Fundi mzima, wageni wa hoteli unawajengea nyumba juu ya miti, mwanao unamtumia mchoro wa karatasi. Na yeye kailaza chini ya mto wake. Anataka nyumba ya juu aone barabara yote, akuone ukishuka kwenye basi. Chora upya.

Mimi mzima, magoti tu. Wewe je?

Bibi yako

21 Machi

Bibi, shikamoo. Mimi mzima.

Habari za mti sikuzijua.

Kwa miti miwili weka boriti mbili, moja kila upande wa mashina. Kwenye mti wa kwanza bolti zikazwe. Kwenye wa pili zisikazwe: tundu la boriti liwe refu, bolti iteleze humo. Upepo ukija kila mti unayumba kivyake, na ukikaza kote boriti itapasuka. Mwambie fundi asipuuze hilo.

Kazi ya hapa ikiisha nitakuja. Mbusu binti yangu.

Mjukuu wako

9 Juni

Mjukuu wangu,

Hujambo? Huku hatujambo kwa kusema tu.

Nyumba ilijengwa. Nilimsomea fundi maneno yako, akatoboa tundu refu kama ulivyotaka. Binti yako akapanda, akaona sakafu inacheza, akashuka analia. Nilipokwenda sokoni akambembeleza fundi akaze kote. Fundi akamwuliza kwa nini. Akamjibu, "Isije na yenyewe ikaondoka." Yule mjinga akamhurumia, akakaza.

Juzi upepo ulikuja jioni, yeye yuko juu anangoja basi. Boriti ilipasuka kama ulivyosema. Mfupa wa paja umevunjika. Amelazwa, mguu umening'inizwa kwa kamba, na kitanda chake kiko mbali na dirisha. Hakuulizii. Zamani alikuwa ananichosha kwa kukuulizia.

Kazi ya hapo haitaisha, hilo mimi na wewe tunalijua. Kwa hiyo usichore tena, wala usimtumie zawadi. Panda basi. Na usishuke kituo cha nyumbani, hakuna anayekuangalia pale. Shuka hospitali.

Bibi yako