Mtu Asiyesikika Mkutanoni

Wakili wa Kijiweni, mambo? Huku Ufipa baridi kali, ila ugali wa ulezi umenikubali.

Jana nilikaa kwenye mkutano wa kijiji, wanagawa mashamba. Sudi, baba yake Mwarabu, mama yake Mfipa wa hapahapa, akasimama kuomba shamba la marehemu mama yake. Akasema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kifipa. Hakuna aliyegeuza shingo. Mama mmoja mbele yangu aliendelea tu kuchambua maharage.

Sudi akaniinamia. "Mdogo wangu, we umenisikia?"

"Nimekusikia, kaka."

Mwenyekiti akanitazama kwa upole. "Mgeni, unaongea na nani?"

Kesi ya Sudi, aliyoifungua tangu mwaka jana, inaendelea kesho, mjini Sumbawanga. Katiba inakataza kumbagua mtu kwa rangi au asili yake, nimeisoma mwenyewe. Lakini wanakijiji wanasema hawajamnyima kitu, hajawahi kuomba. Hakimu kamwambia alete mtu aliyemsikia akiomba. Nipo mimi tu, na basi langu linaondoka asubuhi hiyohiyo.

Nimekumisi, mshikaji, na bibi msalimie sana. Ila tangu jana mama mwenye gesti ninayolala haitikii shikamoo yangu. Ungekuwa wewe, ungepanda basi au ungeenda mahakamani?